Hesabu zilizonikosanisha na binti yangu

Mpenzi msomaji, kama umewahi kuketi mezani usiku na mtoto wako ili umsaidie kazi ya hesabu aliyopewa shuleni, kisha mkainuka hamsemezani, basi kisa hiki ni chako kama kilivyo changu. Nakisimulia si kwa kujisifu, kwani hakuna sifa ndani yake. Nakisimulia kwa sababu siku hizi kila mahali wazazi wanabishana: je, hesabu zifunzwe kwa njia ya zamani au kwa njia hii mpya? Nami niliubisha ubishi huo nyumbani kwangu, na nikalipia.

Ilikuwa mwaka wa 2020. Shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona, nasi wazazi tukageuka walimu bila kupenda. Kitinda mimba wangu alikuwa gredi ya nne, katika lile kundi la kwanza la mtaala wa umilisi ambalo kila mwaka hutangulia njia isiyokanyagwa na mtu. Tulikuwa tukiishi Umoja, hapa Nairobi, na mama yangu mzazi alikuwa amekuja kukaa nasi kabla ya safari kuzuiwa.

Jioni moja nilimwandikia binti yangu swali: 403 kutoa 178. Swali dogo kabisa. Nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi, nilikuta amechora mstari mrefu kama reli, na juu yake amepanga vituo: 178, kisha 180, kisha 200, kisha 400, mwisho 403. Kati ya vituo ameandika 2, 20, 200 na 3. Chini akajumlisha: 225.

Jibu lilikuwa sahihi. Lakini mimi sikutazama jibu, nilitazama ule mstari. Nikamuuliza, "Umekopa wapi?"

Akanitazama kwa mshangao. "Kukopa nini, Baba?"

Msomaji, wewe uliyesoma zama zetu unajua tulivyofunzwa. Tatu kutoa nane haiwezekani, nenda ukakope kwa jirani. Jirani ni sifuri, naye hana kitu, basi piga hodi kwa jirani wa pili. Wa pili ampe sifuri, sifuri naye akupe wewe. Tuliikariri safari hiyo kama sala. Ukimuuliza mwalimu kwa nini jirani anatoa moja nawe unapokea kumi, unajibiwa kwa kiboko. Wakati huo kiboko kilikuwa bado hakijapigwa marufuku shuleni, jambo lililofanyika mwaka wa 2001.

Nikamwambia afanye upya, kwa njia "ya kweli". Akajaribu, akakwama penye sifuri. Akajaribu tena, akakwama. Mara ya tatu alirudia ule mstari wake, na hapo hasira zikanipanda. Nikasema maneno ambayo mzazi hafai kuyasema, ya kwamba kichwa chake ni kizito na hesabu hazitamwingia maishani. Kisha nikaurarua ule ukurasa.

Hakulia. Alikusanya vipande akaenda kulala.

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye kochi, kimya, anachambua mchele. Alikuwa na umri wa miaka themanini, na darasani hakuwahi kuingia hata siku moja. Aliniomba vile vipande. Nikamweleza mtoto alivyofanya: kutoka 178 anaruka mbili afike 180, anaruka ishirini, anaruka mia mbili, kisha tatu. Mama akaniuliza, "Sasa kosa liko wapi? Si hivyo ndivyo nilivyokuwa nikirudisha chenji?"

Nilibaki kinywa wazi. Maana ni kweli. Mama alituelimisha kwa kibanda cha mboga. Mteja akinunua vitu vya shilingi kumi na tatu na sumuni, akatoa noti ya ishirini, Mama hakukopa kwa jirani yeyote. Alimwekea sumuni mkononi akasema, "Kumi na nne." Akaongeza shilingi, "Kumi na tano." Akaongeza tano, "Ishirini." Mteja akaondoka na shilingi sita na sumuni zake, na hakuna aliyepunjwa. Nimekula jasho la hesabu hiyo utoto wangu wote, na ilipotokea kwenye daftari la mwanangu nikaiita ujinga.

Usiku huo nilimkumbuka marehemu baba yangu. Alikuwa seremala Gikomba. Kaka yangu mkubwa alipokuwa sekondari katika miaka ya sabini, hesabu zilizokuwa zikifunzwa ziliitwa za kisasa. Chimbuko lake lilikuwa ile miradi ya miaka ya sitini, hasa ya wataalamu waliokutana Entebbe, Uganda, kuanzia mwaka wa 1962, wakaandika vitabu kwa ajili ya shule za Afrika kwa msaada wa Wamarekani. Kaka alikuja nyumbani akichora miduara inayopishana na kuzungumzia seti. Baba akamwuliza mbao ngapi za futi sita zinahitajika kutengeneza meza fulani. Kaka akababaika. Baba akacheka, akasema serikali inawalisha watoto upepo. Wengi walisema kama yeye, na mwaka wa 1981 Rais Moi aliamuru hesabu hizo za kisasa ziachwe.

Nami nilicheka pamoja na Baba siku hiyo, bila kujua kwamba zamu yangu ya kuchekwa itafika. Nilisoma 8-4-4, iliyoanza mwaka wa 1985, nikaukabili mtihani wa darasa la nane wenye maswali hamsini ya kuchagua jibu. Nilikariri, nikapita. Lakini niambie ukweli, wewe uliyepita nami: ni wangapi kati yetu waliojua kwa nini sehemu ikigawanywa kwa sehemu ile ya pili hupinduliwa? Tulipindua tu kwa sababu tuliambiwa tupindue.

Hapo basi utadhani nimekuja kuutetea mtaala mpya. Subiri kidogo, kwani kisa hakijaisha.

Baada ya usiku ule nilinyamaza. Nilimwomba binti yangu msamaha, nikaapa kutoingilia tena hesabu zake. Gredi ya nne ilirudi shuleni Oktoba mwaka huo, nami nikashukuru Mungu. Hata nilipoona hajui saba mara nane ni ngapi bila kuhesabu kwa vidole, nilijiambia hiyo ndiyo njia mpya, wacha wenyewe waendelee.

Mwaka wa 2022, akiwa gredi ya sita, mwalimu wake aliniita. Akanionyesha karatasi yake. Swali lilisema wanafunzi 1,344 wasafirishwe kwa mabasi ya watu 56, je, mabasi mangapi yanahitajika? Binti yangu alilielewa vizuri kabisa. Alijua ni kugawanya, na alijua kwa nini. Lakini akaanza kujumlisha: 56, 112, 168, 224, hivyo hivyo akipanda ngazi. Njiani aliteleza mahali pamoja tu, na kutoka hapo ngazi yote ikapinda. Jibu ni 24. Yeye aliandika 23, na muda ukamwishia maswali manne yakiwa hayajaguswa.

Nikamwambia mwalimu, "Si ndiyo njia yenu hiyo?"

Mwalimu, kijana wa kike mpole, akatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Kuelewa peke yake hakutoshi. Mtoto asiyejua jedwali la kuzidisha kwa moyo ni kama mtu anayesoma kwa kutaja herufi moja moja. Akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo. Na anayelijua jedwali bila kuelewa, huyo ni kasuku. Mimi darasani nina watoto zaidi ya sitini. Vifuniko vya chupa naweza kuwaletea wahesabie, lakini kumsikiliza kila mmoja akikariri siwezi. Hiyo nilitegemea nyumbani."

Nilitazama chini. Nyumbani kulikuwa na mtu aliyejua jedwali lote, lakini alikuwa amesusa.

Tangu hapo nimejisomea, na nimegundua kwamba ubishi huu si wetu peke yetu. Wamarekani waliubishania katika miaka ya tisini hadi ukaitwa vita vya hesabu. Mwaka wa 2008 jopo la wataalamu lililoundwa na rais wao lilisema kwamba kuelewa, kufanya kwa wepesi na kutatua matatizo ni mambo yanayosaidiana, wala si mahasimu. Uingereza nao, tangu mwaka wa 2022, kila mtoto wa mwaka wa nne katika shule za umma hupewa jaribio la kuzidisha: maswali ishirini na matano, sekunde sita kwa kila swali. Kumbe hata wenzetu hawakuutupa ukariri. Kosa letu tuliosoma zamani lilikuwa kudhani kukariri ndiko kujua. Kosa langu la pili lilikuwa kudhani kwamba asiyekariri ndiye ameelewa.

Basi tukaanza, mimi na yeye. Hatukutumia meza, kwa kuwa meza ilikuwa na kumbukumbu mbaya. Tulitumia njia ya kwenda stendi asubuhi. Namwuliza sita mara saba, ananijibu. Naye ananiuliza, kisha anauliza, "Kwa nini, Baba?" Nisipojua, tunaruka pamoja kutoka kituo hadi kituo kama ule mstari wake. Saba mara nane ilimsumbua majuma mawili, hadi alipotambua kwamba ni saba mara saba ukaongeza saba nyingine. Aliigundua mwenyewe, na hajaisahau hadi leo.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo kwa furaha. Lakini mapema mwaka wa 2025, ilipotangazwa kwamba katika sekondari ya juu hisabati haitakuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi, binti yangu alikuja mbio na tabasamu ambalo sikuwa nimeliona siku nyingi. "Baba, nitaweza kuiacha!" Wazazi na walimu walipolalamika, mwezi wa Aprili Wizara ya Elimu ikasema hisabati itasomwa na wote: nzito kwa wanaofuata sayansi, na nyepesi ya matumizi kwa wale wa sayansi ya jamii na wa sanaa na michezo. Tabasamu likazimika.

Alama zake hazikuwa mbaya. Mwalimu alisema anaweza kabisa kufuata sayansi. Nikamwuliza kwa nini basi hataki. Akafikiri, akajibu kwa upole, bila kunilaumu: "Mimi si mtu wa hesabu, Baba. Si ulisema?"

Miaka mitano ilikuwa imepita. Msamaha nilikuwa nimeuomba, jedwali tulikuwa tumelisoma, lakini lile neno lilikuwa bado limekaa.

Mwaka wa 2026 aliingia gredi ya kumi, akafuata sayansi ya jamii. Anapenda historia na jiografia, na pengine huo ndio wito wake hasa. Huenda angechagua hivyohivyo hata kama nisingeurarua ukurasa ule. Sijui, na sitajua kamwe.

Ndiyo maana, mpenzi msomaji, ninapowasikia wazazi wenzangu kwenye matatu wakibishana ni njia ipi bora, mimi husema hivi: mtoto ana haja ya zote mbili, kuelewa na kukariri, na anayetaka kumpa moja tu anampunguzia haki yake. Lakini kabla ya njia, kuna ulimi wa mzazi. Leo usiku mwanao akikuletea daftari lenye mistari usiyoielewa, usiuguse ukurasa. Vuta kiti, umwambie, "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Kisha nyamaza, umsikilize hadi amalize.