Kwani Ukuta Wahisi Baridi?

"Blanketi la ukutani? Kwani ukuta wahisi baridi?"

Hivyo ndivyo mama alivyoniuliza siku ya kwanza nilipomweleza ninachoshona. Yeye yuko Mombasa, Mji wa Kale, mimi niko Fort Wayne, jimbo la Indiana. Kati yetu kuna tofauti ya saa saba, nane wakati wa baridi, na miaka kumi na moja ambayo sijamuona ana kwa ana kwa sababu ya makaratasi ambayo kila mwaka yanaambiwa yanakaribia kukamilika. Sikuwa na jibu la haraka. Ukiliangalia swali lake vizuri, lina haki.

Najua wengi mmezoea niandike kuhusu vitabu. Leo nivumilieni, naandika kuhusu sindano.

Kwilti, kwa ambaye hajaiona, ni matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja: juu kitambaa cha vipande vipande au chenye maua yaliyobandikwa, katikati pamba, chini bitana. Ilianza kama kitu cha kujifunika, na hadi leo nyingi ni za kujifunika. Lakini ziko ndogo zinazotundikwa ukutani kama picha, na hizo ndizo chama chetu huzifanyia shindano kila mwaka. Nasema "chetu" kwa kujikaza kidogo. Niliingizwa na jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu, baada ya kuniona nikipinda shela barazani kwa mkono. Aliuangalia upindo wangu kwa muda mrefu, akageuza upande wa pili akauangalia tena, kisha akaniambia Jumanne ijayo nijiandae atanipitia. Wanachama wengi ni wastaafu. Mimi natoka kazini usiku, nalala kidogo, naenda nikiwa na macho mekundu, nakaa karibu na birika la kahawa.

Mada ya mwaka huu ilikuwa maua. Masharti yalikuwa machache: mzunguko wote usizidi inchi 100, nyuma kuwe na mfuko wa kupitishia fimbo ya kutundikia, na kila mtu atumie kipande cha kitambaa kimoja kilichochaguliwa na kamati, kionekane upande wa mbele. Bahasha zilipofunguliwa, ukumbi mzima uliguna. Kitambaa kilikuwa rangi ya haradali iliyochacha. Bibi mmoja alisema ni rangi ya nepi. Sijui kamati ilikuwa imekasirikia nani.

Mimi niliguna pamoja na wenzangu. Nilipofika nyumbani nikakiweka mezani chini ya taa, nikakaa nacho, na ndipo nikakitambua. Ile ilikuwa rangi ya kilua.

Kama hukukulia pwani, pengine huyajui maua haya. Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Wataalamu wa mimea walipoupa jina la kisayansi, hawakwenda mbali: jenasi yake inaitwa Mkilua, vivyo hivyo kama tunavyouita sisi, na jina la pili linasema tu kwamba unanukia. Ua lake si zuri la kupiga picha. Linaning'inia, lina manjano yenye ukijani, ndani kwenye shina la petali kuna wekundu kama mtu kapaka rangi ya mdomo akaghairi. Lakini harufu! Kilua kimoja kwenye upindo wa leso kinatosha chumba. Na kwetu kilua kilikuwa na kazi yake, kuingia kwenye kikuba pamoja na asumini, rihani, vipande vya mkadi na petali za waridi, kishada kidogo ambacho mwanamke hukibandika kifuani jioni, hasa panapokuwa na harusi. Mama alikuwa akifunga vikuba kwa kuuza. Nimelala na harufu hiyo utoto wangu wote.

Basi nikaamua. Wenzangu watashona waridi, tulipu, na hapa Indiana bila shaka peoni, maana ndilo ua rasmi la jimbo tangu 1957. Mimi nitashona kikuba.

Kabla ya kuanza, jirani yangu alinipeleka Marion, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, kwenye nyumba ya Marie Webster. Huyu mama alizaliwa 1859, akaanza kubuni kwilti za maua akiwa mtu mzima wa kukaribia hamsini, na Januari 1911 jarida la Ladies' Home Journal likachapisha kazi zake kwa rangi. Mwaka 1915 akatoa kitabu kizima kuhusu historia ya kwilti, cha kwanza cha aina yake Marekani. Leo nyumba yake ni makumbusho. Nilichokipenda kwake ni ubahili: maua machache, rangi za upole, na nafasi kubwa tupu ambamo mshono wenyewe unapumua. Nilirudi nimejaa kiburi. Nikachora asumini zangu kama nyota za petali tano, zimefunguka, zimetawanyika vizuri juu ya kitambaa cha buluu iliyoiva, na vilua vya haradali vikining'inia katikati.

Kubandika ua kwa mkono ni kazi ya subira ya kijinga. Unakata petali ukiacha ukingo mwembamba, unauingiza ukingo chini kwa ncha ya sindano huku ukishona, mshono usionekane. Penye kona ya ndani kitambaa kinataka kuchanika, penye ncha kinataka kujikusanya kama donge. Asumini zilikuwa 38. Kila moja ilinila kama nusu saa. Nilizishona wiki mbili, alfajiri baada ya kazi, chai ikipoa pembeni. Nilipomaliza nikapiga picha, nikamtumia mama kwa simu.

Jibu lilikuja kwa sauti.

"Mwanangu, haya maua ya nani?"

Nikamwambia ni asumini, mama. Ni kikuba.

"Asumini hizi zimelala. Zimefunuka, zimekwisha. Hapo ni kesho yake asubuhi, za kutupwa. Kikuba chafungwa na asumini za jioni, zikiwa zimefumba bado, ndipo zipasuke usiku zikiwa kifuani kwa mtu. Na rihani iko wapi? Na uzi? Yashikwa na nini hayo yote, mate?"

Nilikaa nikaisikiliza mara tatu. Nyuma ya sauti yake nilisikia mkokoteni ukipita uchochoroni, na mtu akiuza kitu ambacho sikukishika vizuri. Niliona aibu ya ajabu. Nimesoma tungo nyingi za pwani, nimeandika hata makala kuhusu asumini katika ushairi, na katika yote niliyosoma sikumbuki mahali nilipojiuliza ua limechumwa saa ngapi. Nilikuwa binti wa mfunga vikuba na sikujua.

"Wewe ulikuwa wakaa kwenye ngazi wasoma," alisema nilipompigia. Hakusema kwa lawama. Ndivyo ilivyokuwa. Dada zangu ndio waliotumwa kuchuma.

Hapa kuna jambo sijawahi kuliandika. Miaka yote hii, mazungumzo yangu na mama yamekuwa ya pesa na dawa. Bei ya sindano zake za sukari, karo ya watoto wa dada, paa linalovuja. Nampenda, nampigia kila wiki, na ukichukua simu zetu zote ukazipanga, utapata daftari la hesabu. Baba alipofariki, nilikuwa hapa. Nilizika kwa simu. Mama akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi, bila manukato wala mapambo kama inavyotakiwa, na eda ilipokwisha hakurudia tena vikuba. Mikono imeanza kutetemeka, alisema, na wateja siku hizi wananunua vya mtaa wa pili. Mti wa asumini wa uani ukaachwa ukakauka. Mimi nilituma pesa kidogo zaidi, kufidia kipato, na suala likafungwa. Sikuuliza lingine.

Sasa ghafla alikuwa ananitumia sauti tatu, nne kwa siku. Rihani hutangulia, inakuwa kama kiganja cha kupokea vingine. Mkadi hukatwa vipande vyembamba, "si vya kutafuna". Waridi hutolewa petali, halitiwi zima. Uzi usivutwe sana, petali zitapata alama nyeusi kwenye kidonda. Kilua huwekwa mwisho na kisizidi kimoja, kwa sababu "kilua ni mgeni mwenye sauti kubwa". Sijui kama mafundi wengine wa Mombasa wanafunga hivyo. Ndivyo alivyofunga yeye.

Ilibaki wiki tatu kabla ya siku ya mwisho. Nikachukua mkasi mdogo, nikafumua.

Kufumua mshono uliofichwa kunauma kuliko kuushona, maana uliuficha mwenyewe na sasa unautafuta. Asumini zote 38 zilitoka, na kwenye ile buluu vikabaki vitundu vidogo vidogo vya sindano ambavyo pasi na maji havikuvimaliza. Jirani yangu alikuja, akaona rundo la petali nyeupe mezani, akashika kifua. Nikamweleza. Akakaa kimya, kisha akaniuliza kama mama yangu angependa kujiunga na kamati.

Asumini zilizofumba nilizipata kwa njia nyingine kabisa: unakata duara dogo la kitambaa cheupe, unalikunja mara mbili, unalibana chini kwa uzi, na linasimama lenyewe kama ncha ya kidole. Hazilali. Zinatokeza nje ya kwilti. Nikaweka rihani za kijani chini, mkadi kwa utepe wa rangi ya maziwa, waridi la vipande vilivyochanguka, na juu kilua kimoja tu cha ile haradali, wekundu wake nikaudarizi kwa uzi. Kilichobaki cha haradali nilikifanya pindo la kuzunguka, kama leso. Kikatokea ni mraba wa inchi 24, na kwa kuwa leso haikamiliki bila jina, chini ndani ya kijisanduku nikashona kwa herufi kubwa: KWANI UKUTA WAHISI BARIDI.

Siku ya maonyesho ukumbi ulikuwa umejaa. Zilikuwa kwilti ishirini na kitu, zote na ile haradali mahali fulani, nyingine imefichwa kiasi cha kuhitaji miwani. Peoni moja ndiyo iliyoshinda, na ilistahili. Mshono wake wa mkono ulikuwa wa kufanya mtu aone wivu wa haki. Karatasi yangu ya waamuzi ilisema rangi ni nzuri, wazo ni jipya, lakini baadhi ya maua hayajalala sawasawa, na kuna vitundu vya sindano kwenye kitambaa cha nyuma. Yote ni kweli.

Watu walisimama kuuliza maneno yale maana yake nini. Kila nilipotafsiri walicheka, halafu wengine wakasogea karibu wakanusa. Mmoja alinusa kabisa, pua juu ya kitambaa, kisha akajistukia.

Usiku huo nilimtumia mama picha. Hakujibu siku ile wala ya pili, nikaanza kuwaza mambo ya sukari. Siku ya tatu ikaja picha, imetikisika, nusu yake ni kidole cha aliyeipiga. Ni kifua cha mama, leso yake ya kahawia ya ndani, na juu yake kikuba. Nikampigia hapo hapo. Akasema asumini zimetoka uani kwa jirani, na aliyefunga ni binti mdogo wa dada yangu, wa miaka tisa, yeye mama alikaa tu kitini akisema weka hiki, toa kile.

Nikamwambia kimependeza, mama.

"Wapi!" alisema. "Rihani nyingi mno, na uzi ameuvuta. Nimemwambia kesho tutafumua."