Bustani ya Amani na Muhogo wa Mama

Wengi wetu tukisikia neno bustani hufikiri mara moja habari za maua yaliyopangwa mbele ya nyumba ya mkubwa fulani, na mtu wa kuyamwagilia maji kila jioni. Mimi nami nilifikiri hivyo hivyo, mpaka nilipopata bahati katika likizo ya mwezi wa Juni kwenda kumtembelea mjomba wangu anayekaa Muheza, Mkoa wa Tanga, na kupanda naye milima ya Usambara mpaka Amani. Napenda kuwaeleza wenzangu niliyoyaona huko, kwa sababu mambo ya bustani ile yanatuhusu sana sisi watu wa Murangi, ingawa wengi wetu hatujaisikia hata kwa jina.

Kwanza niseme hali ya nyumbani. Hapa kwetu muhogo ni chakula, tena ni fedha. Ugali wake ndio unaotulea, na makopa tunayouza ndiyo yanayonunua daftari na sare. Mwaka huo shamba la mama lilipatwa na batobato. Majani yalijikunja yakawa madogo yenye madoa ya manjano, na mihogo tuliyoing'oa ilikuwa myembamba kama vidole. Siku mama alipokuwa akinifungia vitu vyangu vya safari, aliniambia, "Nasikia huko kwa mjomba wako mihogo inastawi. Ukirudi, uniletee mzigo wa mbegu." Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Safari ni ndefu. Siku ya kwanza nilifika Mwanza, na jioni nikaenda kulitazama lile Jiwe la Bismarck lililosimama majini karibu na mji. Wajerumani walilipa jina la Chansela wao, lakini jiwe lenyewe lilikuwapo kabla ya Wajerumani na kabla ya watu wote. Mawe ya namna hii, ambayo tunayaona pia kandokando ya ziwa upande wetu wa Musoma, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Alfajiri ya pili tulishika njia ya Shinyanga, Singida, Babati, Arusha, Moshi na Korogwe, na siku ya tatu nikashuka Muheza, miguu imevimba, nikapokewa na mjomba.

Mjomba anaendesha lori la machungwa, kwa hiyo anazifahamu njia zote za huko. Jumamosi moja alinipandisha Amani. Kutoka Muheza ni mwendo wa zaidi ya kilometa 30. Tulipita Sigi, mahali palipokuwa na stesheni ya reli ndogo ya Wajerumani, na nyumba ya stesheni ingali imesimama hata leo. Toka hapo barabara inapanda kwa kona nyingi, na hewa inabadilika. Chini tuliacha joto na minazi; juu tulikuta ukungu, mashamba ya chai, na miti mirefu ambayo ukitazama vilele vyake kofia itaanguka. Mimi niliyezoea uwanda wetu na upepo wa ziwa niliona kama nimeingia nchi nyingine.

Bustani yenyewe haina ukuta wala lango la mapambo. Ni msitu ambao ndani yake miti ya dunia nzima imepandwa, nayo ina ukubwa wa hekta 300 hivi. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, wakati nchi yetu ilipokuwa koloni lao, pamoja na kituo cha uchunguzi wa kilimo. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Mpango wao haukuwa kustarehe. Walitaka kujua ni mmea gani wa Asia au wa Amerika utakaokubali udongo wa hapa, ili walowezi wao wapate faida. Basi wakaleta mdalasini, karafuu, kafuri, mianzi, miti ya mpira, na mkwinini ambao maganda yake hutoa dawa ya malaria. Vita ya 1914 ilipozuka na njia ya bahari ikafungwa, kituo hicho kilitengeneza kwinini kwa ajili ya majeshi yao. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Amani.

Mzee aliyetuongoza alituonyesha miti kadhaa yenye majina ya wakubwa na wataalamu wa Ulaya. Nikamwuliza, "Na waliochimba mashimo na kubeba miche, mzee, wao wana mti gani?" Akacheka, akajibu, "Wao wana yote, mjukuu wangu. Bila mikono yao usingeona hata mmoja." Jibu hilo nimelishika.

Baadaye alituchukua mpaka kwenye mwamba wenye kivuli kando ya kijito, akatuonyesha ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Ua hili ni mwenyeji wa huko huko. Katika miaka ile ya kwanza ya Wajerumani, ofisa wao mmoja jina lake Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, naye akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen katika mji wa Hannover. Wendland akalipa jina la kitaalamu mwaka 1893. Leo ua hilo limo katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani, na Wajerumani wangali wanalitaja kwa jina la Usambara. Kwa hiyo mimea haikuja kwetu tu. Mingine ilitoka kwetu ikaenda.

Lakini habari iliyonigusa kuliko zote ni ya muhogo. Ugonjwa wa batobato uliandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, nao waliuona katika milima hiyo hiyo ya Usambara. Katika miaka ya 1930, wakati wa Waingereza, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walifanya kazi Amani kutafuta namna ya kuushinda. Waliutazama mti mmoja wa mpira uitwao mpira wa Ceara, asili yake Brazili, ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi mpaka bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913. Mti huo ni ndugu wa muhogo, lakini batobato haiuwezi kwa urahisi. Basi wakauzalisha pamoja na muhogo. Watoto wa kwanza walikuwa na nguvu za kuzuia ugonjwa, lakini mizizi yao haikufaa kuliwa. Ikabidi wawazalishe tena na muhogo, na tena, na tena, huku wakichagua kila mara mmea wenye afya na mizizi mizuri. Kazi hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1950.

Mbegu chache za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria. Wataalamu wa Ibadan wakaziendeleza, wakapata aina mpya za muhogo. Katika miaka ya 1990 batobato kali iliposhambulia mashamba ya Uganda na kuja upande wa ziwa letu, aina hizo zilikuwa miongoni mwa zilizowaokoa wakulima. Nilipoyasikia hayo nilisimama nikautazama ule mti wa mpira kwa heshima. Mti ulioletwa kwa ajili ya faida ya tajiri, biashara yake ikafa, mwishowe ukamfaa mkulima mdogo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata hivyo si kila mgeni huponya. Mzee aliniuliza, "Kijana, kwenu wapi?" Nikamwambia, "Musoma, mzee, upande wa Murangi, kando ya Ziwa Viktoria." Akanyosha fimbo yake kwenye mti mrefu, akasema, "Basi huyu ni jirani yenu." Mti ule ni musizi, na asili yake ni misitu ya magharibi ya ziwa, upande wa Bukoba. Ulipandwa Usambara mwanzoni mwa karne ya 20. Msitu ulipokatwa magogo, musizi ukapata nafasi. Hondohondo wakala matunda yake na kutawanya kokwa, nao ukaingia msituni na kuchukua mahali pa miti ya asili, ambayo mingine haipatikani popote pengine duniani. Tangu mwaka 1997 mahali hapo ni hifadhi ya hekta 8,380, lakini musizi haujui mpaka wa hifadhi. Nikakumbuka magugu maji yetu. Nayo yalipelekwa nchi nyingi kwa sababu ya uzuri wa maua yake, kisha yakalivamia ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980, hata mitumbwi ikashindwa kutoka.

Siku moja kabla ya kuondoka Muheza, mjomba alinikatia mzigo mzuri wa mbegu za muhogo shambani kwake, akaufunga kwa kamba. Majani yalikuwa ya kijani, hayana kasoro. Jioni akapita bwana shamba, jirani yake, akauona. Akaniuliza ninaupeleka wapi, nikamweleza. Akasema kwa upole kwamba sehemu zile za pwani zina ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia. Ugonjwa huo huweza kujificha; majani yakaonekana mazima, kumbe mizizi inaoza ndani. Ukipanda pingili yenye ugonjwa umepanda ugonjwa, na kutoka hapo nzi weupe watausambaza kwa jirani. "Mama yako anahitaji mbegu," alisema, "lakini si hii."

Mjomba alinitazama. "Unasemaje, mjomba?" Moyo wangu ulikuwa mzito, kwa maana nilimwona mama akinisubiri kituoni. Lakini niliuona pia ule musizi katikati ya msitu. Nikamwambia, "Tuuache." Tukauchoma moto nyuma ya nyumba.

Mama alinipokea, akatazama mikono yangu, akatazama juu ya basi. Nikamweleza yote njiani. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo umekwenda siku tatu na kurudi siku tatu ili uniletee maneno." Nikanyamaza, maana alikuwa na haki. Lakini Jumatatu alijifunga kanga, tukaenda pamoja kwa bwana shamba wetu. Yeye alituandikisha kupata mbegu safi za aina zilizojaribiwa kwa ajili ya Kanda ya Ziwa, kama wanavyofanya wataalamu wa Ukiriguru. Tulipewa kidogo, tuseme mistari minne. Mama aling'oa mihogo yote ya zamani iliyokuwa karibu, akaichoma, na wakati wa mvua akapanda ile mistari peke yake, mbali kidogo na mashamba ya wengine. Mpaka ninapoandika haya majani yake yamenyooka. Mavuno bado hatuyajui, na mwaka huu unga tunanunua.

Ndugu wanafunzi, shule nyingi zina bustani na shamba, na wengi wetu huenda huko kwa kunung'unika. Nawaomba tukumbuke kwamba kupanda si jambo dogo. Aliyepanda mti wa mpira hakujua kama utaokoa muhogo, na aliyepanda musizi hakujua kama utaumeza msitu. Wote wawili wamekwisha kufa, na miti ingali inafanya kazi. Basi tukipewa mche au pingili, tuulize kwanza umetoka wapi na una nini ndani, kisha tuupande vizuri. Na wazazi watakaosoma ukurasa huu, mtu akiwaletea mbegu ya bure kutoka mbali, mpokeeni kwa shukrani, mpeni chai, lakini mbegu yake aione bwana shamba kabla haijagusa udongo.