Benchi la Mbele

Nilikulia Kirinyaga, Kenya, katika Kanisa la Kianglikana, miaka ambayo mahubiri ya Jumapili yalijadiliwa sokoni hadi katikati ya wiki. Askofu wetu alikuwa David Gitari. Mwaka 1987 alihubiri juu ya Danieli na mfalme Dario, na wanasiasa wakawaka kana kwamba wametajwa kwa majina. Mwaka uliofuata chama tawala, KANU, kilitumia mlolongo katika mchujo wake: wapiga kura wakajipanga nyuma ya wagombea mchana kweupe, na aliyefikisha asilimia 70 akapita moja kwa moja, bila kura ya siri. Mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu huku watu wakitazama. Gitari alilisema hilo waziwazi. Aprili 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Alipanda juu ya paa akapiga mayowe hadi majirani wakafika.

Baba alikuwa akishusha sauti kila alipotamka jina la Rais Moi, hata jikoni kwetu. Kanisani tuliwajua makachero: walikaa nyuma, na Biblia zao zilikuwa mpya mno. Lakini watu walikuja. Agosti 1990 Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa na waziri kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Alikwenda, na akafa barabarani akirejea. Miaka miwili baadaye, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofukuzwa Uhuru Park kwa marungu, Kanisa Kuu la All Saints liliwafungulia chumba chake cha chini, wakakaa humo karibu mwaka mzima. (Si makanisa yote yaliyokuwa hivyo. Mengine yalimwimbia Moi bila haya.)

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Wakristo wetu walinyamazishwa na woga. Woga tulikuwa nao tele enzi zile. Ubaridi uliingia baada ya 2002, KANU iliposhindwa na watu tuliosali nao wakaingia serikalini. Nani angemkemea ndugu yake? Polepole benchi la mbele, walipokuwa wakikaa wazee wasiosikia vizuri, likawa la waheshimiwa. Mheshimiwa angefika ibada ikiwa katikati, mhubiri akanyamaza, kwaya ikasimama. Kisha matangazo, kisha bahasha, kisha hotuba ndefu kuliko mahubiri. Tulipiga makofi. Mabati yalikuja kweli, na vipaza sauti pia, na hakuna aliyeuliza pesa zimetoka wapi.

Katika uchaguzi wa 2007 maaskofu waliegemea kabila kwa kabila. Siku ya kwanza ya 2008, katika ghasia zilizofuata, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo ndani. Baraza la makanisa, NCCK, liliomba radhi hadharani mwaka huohuo, likakiri lilikuwa limeegemea pande. Benchi la mbele halikusogezwa.

Walioligusa ni vijana. Juni 2024, baada ya wenzao kupigwa risasi katika maandamano Nairobi, walianza kuwazomea wanasiasa hadi ndani ya ibada. Wazee wetu walikasirikia kelele zaidi ya risasi, na hilo lilinikera. Novemba, Askofu Mkuu Philip Anyolo akaamuru mamilioni ambayo Rais William Ruto alitoa katika kanisa Katoliki la Soweto, Kahawa West, yarudishwe.

Kwetu jambo hilo lilifika kwenye kamati ya ujenzi. Mweka hazina aliuliza nani atalipia mnara uliobaki nusu. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama akamjibu, "Mzee, tutauchangia wenyewe, au ubaki nusu." Walibishana hadi giza likaingia, na mnara bado haujakwisha.