Mapezi Yangeota

Nilichagua samaki waliochanika mapezi kwa sababu walikuwa bei ya chini. Nyumbani nilisema nimewahurumia, na mwanangu wa darasa la tano akanisifu kwa huruma ambayo sikuwa nayo. Nilitaka pambo la sebuleni kwa bei nafuu, basi.

Kijana aliyeniuzia hapa Tunduma hakunificha kitu. Aliinua ndoo kwenye mwanga, akanionyesha mikia iliyochanika, akaniambia, "Mama, hawa wameng'atana njiani, lakini ni wazima. Wewe wabadilishie maji tu, mapezi yataota." Nilisikia neno "yataota" na bei. Lile la maji lilinipita.

Walikuwa mbuna, samaki wadogo wa buluu na manjano wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, waliotoka upande wa Matema, pale milima ya Livingstone inaposhuka hadi majini. Ziwa lile lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na wengi wao hawapatikani popote pengine. Mbuna dume hushika kipande chake cha mwamba, hula ukoga unaoota juu yake, na akija dume mwingine humtimua kwa meno. Ziwani anayetimuliwa ana pa kukimbilia, ndoo ya lita 20 haina pa kukimbilia. Walipandishwa hadi Tukuyu, wakapita Uyole, Mbeya na Vwawa, na walipofika Mpemba wakakuta foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka imeziba njia, kama tunavyoijua. Muda wote huo walikuwa wamebanana, kila mmoja akiuona mkia wa mwenzake kuwa umevamia eneo lake. Kuchanika kwao hakukuwa ugonjwa, na hilo nililielezwa mapema na mtu aliyekuwa anajua.

Ningekuwa nimemsikiliza kijana yule, ningeelewa kwamba pezi ni ngozi nyembamba iliyotandwa juu ya vijiti vya mfupa, na likikatika huota tena. Jeraha huzibwa upesi na ngozi mpya, kisha ukingoni hukusanyika seli changa zinazojenga upya mfupa, mishipa na ngozi. Thomas Hunt Morgan, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1933 kwa kazi yake ya urithi wa viumbe, mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa akikata mapezi ya samaki na kupima yanavyorudi. Aliona kuwa palipokatwa zaidi ndipo panapoota kwa kasi zaidi. Samaki mdogo mwenye milia anayefugwa sana katika maabara hurudisha mkia kwa muda wa wiki mbili hivi, maji yakiwa na joto la nyuzi 28. Pezi jipya hutoka halina rangi, unaweza kuona hadi upande wa pili, na rangi huja baadaye. Kinachotakiwa ni shina la pezi, pale linapoungana na mwili, libaki zima.

Kuoza ni jambo jingine. Pezi linalooza huwa na ukingo mweupe wenye utando, mara nyingine na mistari ya damu, na halisimami pale lilipochanika, bali huendelea kuliwa kuelekea mwilini. Bakteria wanaofanya kazi hiyo wamo majini siku zote. Hupata nafasi samaki akidhoofika, na kinachomdhoofisha zaidi ni maji machafu na baridi. Nyumbani kwangu alivipata vyote viwili.

Anayeishi Tunduma anajua maana ya dumu la maji. Kuna wiki mabomba hayatoi kitu na tunanunua kwa wenye mikokoteni, na kila mama mwenye nyumba hupanga maji ya kupikia kwanza, ya kuoga, ya kufulia, kisha mengine. Tangi la samaki niliweka mwisho kabisa. Mwanangu aliniomba mara nyingi tubadilishe walau robo ya maji, nami nikamjibu kwamba sinunui maji ya samaki wakati nguo zimelundikana. Jibu hilo lingekuwa la haki kama nisingewaleta mwenyewe.

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia huchoma matamvua na ngozi. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wema wanaokaa kwenye sponji ya kichujio na juu ya mawe, wakiigeuza amonia hatua kwa hatua hadi iwe kitu kisicho na madhara makubwa. Huchukua wiki kadhaa kuenea. Tangi langu lilikuwa jipya, hawakuwepo wa kutosha. Tena mbuna wanahitaji maji yenye alkali, na katika maji ya namna hiyo amonia ni kali zaidi. Nilikuwa nimeweka mawe ya chokaa kwa ajili yao, nikijiona mjuzi. Ukafika Juni, baridi yetu hii ya nyanda za juu, na sikuwa na hita. Samaki wa ziwa lenye joto wakabaki wamejikunja pembeni, na mikia iliyokuwa imechanika tu ikaanza kuwa na ukingo mweupe.

Hapo nilikuwa bado na nafasi. Madumu machache ya maji yaliyolala usiku kucha, yakapashwa kidogo, yangetosha. Badala yake nilikwenda duka la dawa za mifugo nikanunua OTC, dawa ya kuua bakteria, unga ule tunaowawekea kuku kwenye maji. Hela ya maji niliikosa, hela ya dawa niliipata. Sikuuliza kipimo, nilikadiria kwa kijiko. Nilipoona hakuna mabadiliko nikaongeza. Sikujua kwamba chokaa ya majini huishika dawa hiyo na kuipunguzia nguvu, wala kwamba inaweza kuwaua bakteria wema wachache waliokuwa wameanza kukaa kwenye kichujio. Maji yakawa ya kahawia yenye povu. Samaki wakapanda juu kutafuta hewa, na asubuhi wengi walikuwa wanaelea. Maji yale yenye dawa nikayamwaga kwenye tuta la mchicha, na mchicha tukaula. Hilo nalo sijawahi kulisema nyumbani hadi leo.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwenye meza ya kijana yule. Palikuwa na watu, wengine wakiwa na mizigo ya kuvuka kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nikasema kwa sauti kwamba anauza samaki wagonjwa, kwamba mapezi yale yalikuwa yameoza tangu kwake, kwamba ananyonya watu. Alisema, "Mama, nilikwambia maji." Nikamkatisha. Nilikuwa mtu mzima, yeye kijana mdogo, na nilijua kwamba mbele ya watu hangeweza kunijibu kama nilivyomsema. Niliitumia heshima yake kumnyamazisha.

Ukweli ulinifikia kupitia mwanangu. Alikuwa amemtoa samaki mmoja kabla sijaweka dawa mara ya pili, akamficha kwenye ndoo nyuma ya jiko, penye joto. Kila jioni alikuwa akimwekea jagi moja kutoka kwenye maji yake ya kuoga, kabla hajatia sabuni. Aliponionyesha, mkia ulikuwa umeanza kurudi, ukingo angavu ukitoka mbele ya rangi ya zamani, isipokuwa pembe moja ya chini ambapo uozo ulifika shinani. Pale hapajaota hata sasa. Samaki anaogelea vizuri, mkia una pengo, na pengo lile nimelifanya mimi.

Ilinichukua muda wa aibu kwenda kuomba msamaha. Nilipokwenda, meza ilikuwa na kava na chaja za simu. Kijana akanisalimia vizuri, "Shikamoo mama," kana kwamba hapakuwa na neno kati yetu. Nikamwambia yote, la bei, la maji, la OTC, la mchicha. Akasikiliza, kisha akauliza aliyebaki anakula nini. Nilipotaka kumlipa kwa hasara akakataa. Samaki alishaacha, akasema, maana baada ya siku ile waliosikia hawakurudi, nao wakawaambia wengine, na yeye hakuwa na mtaji wa kusubiri watu wasahau.

Msamaha wake nimeupata, lakini biashara yake sikuirudisha. Watu waliokuwa wamesimama pale siwajui majina, na wengine pengine walivuka mpaka siku ileile. Yeyote kati yao anayesoma hapa ajue kuwa samaki wa kijana yule walikuwa wazima. Waliugulia kwangu.