Nilisema Amelala

Watu walipokuja kumjulia hali baba yangu baada ya kupatwa na kiharusi, niliwapokea mlangoni nikawaambia amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa chumbani, ameketi kitandani, na sauti zao alizisikia zote. Nayaandika haya baada ya kumsomea na yeye kuridhia kwa kichwa, sentensi moja baada ya nyingine. Mbili alizikataa, nikazifuta.

Baba alifanya kazi reli ya kati mpaka akastaafu. Hapa kwetu Ilala, Dar es Salaam, alijulikana kwa mambo mawili, bao na maneno. Kibaraza chetu hakikukosa watu kuanzia alasiri hadi adhana ya magharibi, na mwenye kesi ya ndoa au ya mpaka wa kiwanja alimwona yeye kwanza kabla ya kwenda kwa mjumbe. Presha alikuwa nayo siku nyingi. Akijisikia nafuu aliacha dawa, nasi nyumbani hatukumbana. Asubuhi moja mkono wa kulia ukamlegea, mdomo ukaenda upande, na alipojaribu kusema hakikutoka kitu. Kipimo cha kichwa kilionyesha kwamba damu iliyoganda imeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo.

Tuliporudi nyumbani tulikuwa na dawa, karatasi ya mazoezi ya mguu na mkono, na baba aliyebakiwa na neno moja: kesho. Ukimuuliza anaumwa wapi, kesho. Ukimuuliza chai au uji, kesho, kwa sauti ya mtu anayejibu sawasawa. Kuhusu maneno yake sikumbuki kuelezwa chochote hospitali. Labda tulielezwa nami sikusikia, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye mguu. Nilidhani mtu akitembea amepona.

Hali hiyo inaitwa afasia, na karibu theluthi moja ya wanaopata kiharusi huipata. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka karibu silabi moja tu, «tan», huku akielewa mengi ya aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliukuta ubongo wake umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Kwa hiyo elimu ya kwamba mtu anaweza kupoteza usemi na akili yake ikabaki ina umri wa zaidi ya miaka 160. Mimi sikuwa nayo, na kwa kutokuwa nayo nilimhukumu baba yangu.

Nilimhukumu kwa Al-Fatiha. Siku moja nilimsikia akiifuata sura yote pamoja na mjomba, herufi kwa herufi, na nikamsikia akihesabu moja mpaka kumi. Nikasema basi, huyu anaweza, anafanya makusudi. Sikujua kwamba maneno tuliyoyarudia tangu utotoni, kama sala, salamu, hesabu na nyimbo, mara nyingi husalimika hata pale uwezo wa kuunda sentensi mpya unapovunjika. Kuanzia hapo nikawa mkali. Akiunyooshea mkono mzima jagi la maji, niliondoa jagi. «Sema maji, Baba. Ma-ji.» Akasema kesho. Nikarudia, akarudia, jasho likimtoka, na maji sikumpa mpaka nilipochoka mimi. Mzee aliyenifundisha kusoma saa nilimfanya aombe maji kama mtoto anayetiwa adabu.

Kisha ikaja aibu. Wageni wa mwanzo walipoulizia hali yake naye akawajibu kesho, kijana mmoja alicheka. Alicheka kidogo tu, nadhani kwa kutojua la kufanya, lakini nilimwona Baba akiinamisha uso. Jirani naye akasema hilo ni jini, na kwa muda tulizunguka kwa waganga na kunywa kombe huku siku za mwanzo, ambamo mazoezi ya kusema huzaa zaidi, zikipita. Niliapa kwamba hakuna atakayemcheka tena. Nikaanza kusema amelala. Nilijiambia namlindia heshima yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalinda yangu, sikutaka kuonekana mtoto wa mzee asiyejua anachosema.

Rafiki yake mmoja, aliyeanza naye kazi relini wakiwa vijana, alikuwa akija kila Ijumaa baada ya sala. Alileta machungwa, akanikabidhi mlangoni. «Haya binti, akiamka mwambie nimekuja.» Sikumwambia. Nilimenya machungwa yale nikampa Baba, naye aliyala akijua yametoka kwa nani, maana sauti aliisikia kupitia ukuta.

Rafiki yule alifariki kabla hawajaonana. Nilipompa Baba habari alilia mpaka nikaogopa pumzi itamkatika, na mpaka siku ile, nilipokuwa sisemi anafanya makusudi, nilikuwa nikishikilia kwamba haelewi mengi. Msibani mjane alinishika mkono akasema, bila lawama yoyote: «Mzee wangu kila akitoka kwenu alikuwa ananiambia mwenzake siku hizi analala mno.» Sikumjibu. Nilimrudia baada ya arobaini nikamwambia ukweli. Alinisamehe, lakini Ijumaa zile hakuna wa kuzirudisha.

Nilipata msaada kwenye benchi la kusubiria mazoezi ya viungo. Kila siku ya kliniki nilikuwa nakaa pale nimeinamia simu, kando ya wanawake wengine, kila mmoja na mgonjwa wake. Baada ya msiba ule nilimsemesha mama aliyekaa karibu nami. Mumewe alikuwa akisema ndiyo anapotaka kusema hapana, na nyumba nzima ilikuwa imegombana naye kwa hilo kabla hawajaelewa. Nililia pale pale benchini. Utafiti uliofanyika katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na jijini Dar es Salaam kuanzia 2003 hadi 2006 ulionyesha kwamba kiharusi jijini kinawapata watu kwa kiwango cha karibu mara tatu ya kile cha Hai. Tuko wengi kiasi hicho, nami nilikuwa nikiishi kana kwamba balaa limeingia nyumba yetu peke yake. Kwa wanawake wale nilijifunza jinsi ya kuweka kiti bafuni, jinsi ya kumwinua mtu bila kumvuta mkono uliolegea, na jinsi ya kupokezana zamu na ndugu ili nami nilale.

Yule mama ndiye aliyetuelekeza kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Wataalamu hao ni wachache sana nchini, na wengi wetu tunawapata kwa kuulizia tu. Alinitazama nikizungumza na Baba, kisha akaniambia: «Dada, umeuliza swali la pili kabla hajamaliza kulitafuta jibu la kwanza.» Alinifundisha kuzima redio, kuuliza jambo moja, kukaa kimya, kuandika maneno mawili matatu daftarini ili aonyeshe kwa kidole, na kumhakikishia kabla ya yote: Baba, najua unajua unachotaka kusema. Njia hiyo ilikuzwa Toronto, Kanada, katika kituo ambacho Pat Arato alikianzisha mwaka 1979 baada ya mumewe kupata afasia. Kwetu imehitaji daftari la shule na kalamu.

Kisha nilikwenda kijiweni kwa wazee wenzake wa bao. Niliwaamkia, nikawaeleza nilichofanya na kwa nini. Mmoja hakuipokea salamu yangu ya kuaga. Mwingine alisema, «Binti, ulitukosea, na mwenzetu ulimkosea zaidi,» na ni kweli. Lakini siku ya pili walikuja na bao.

Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mzuri huona kete zitakakoishia kabla hajazigusa. Baba alizishika kwa mkono wa kushoto, taratibu, akamla mwenzake vibaya. Hesabu yote ilikuwamo kichwani, haikupotea hata shimo moja. Wazee wakanyamaza wakamwangalia upya. Wiki kadhaa baadaye, katikati ya mchezo, alitamka «umeliwa», wazi kabisa, na kibaraza kizima kikasimama. Sisemi bao limemponya. Sentensi ndefu hana, na jioni akichoka hurudi kwenye kesho. Ila maneno yameongezeka zaidi tangu watu warudi, kuliko miezi yote niliyomkalia peke yangu na jagi langu la maji.

Wewe unayemuuguza mzazi au mwenza wa namna hii, usimfungie watu. Wafundishe mlangoni namna ya kuzungumza naye, kisha wapishe waingie. Na kama una rafiki aliyepatwa na kiharusi, nawe ukaambiwa amelala, rudi tena useme utamsubiri aamke. Ukiingia, kaa mbele yake, muulize yeye mwenyewe na si sisi wa nyumbani, halafu mpe muda wa kujibu.