Baba azushiwa kifo, kichanga kiko mapajani

Mwishoni mwa Oktoba 1969, Paul McCartney wa kundi la Beatles alikuwa shambani kwake Scotland na mkewe Linda, Heather wa miaka sita na Mary, kichanga wa miezi miwili. Huko Marekani vijana walishamzika. Walidai alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1966, na nafasi yake kapewa mtu anayefanana naye.

Ushahidi? Mwishoni mwa wimbo "Strawberry Fields Forever", John Lennon anatamka maneno yasiyosikika vizuri. Wao wakasikia anasema amemzika Paul. Lennon alieleza baadaye kuwa alitaja sosi ya cranberry, ile inayoliwa na bata mzinga! Aliyeambiwa kuna msiba husikia kilio hata kwenye jina la kitoweo.

Waandishi wa jarida la Life wakamfuata shambani. Kwanza aliwamwagia ndoo ya maji, kisha akakubali mahojiano. Toleo la Novemba 7 likatoka na picha yake, Linda na watoto jaladani.

Nyuma ya jalada kulikuwa na tangazo la gari. Wapo walioliinua kwenye mwanga, wakaona gari limempita Paul mwilini. Wakapata ushahidi mwingine.