Tiketi moja hadi Kinshasa: nani anatujibia njiani?

Swali linalokuja zaidi kwenye simu ya studio yetu, kupita hata lile la bei ya unga, ni hili: kwenda Kinshasa sasa ni dola ngapi? Nami huwa nauliza kwanza: unataka bei ya ndege, ao unataka bei ya kufika?

Zamani jibu lilikuwa fupi. Unapanda gari mpaka Kavumu, kilometa kama 30 kutoka mjini, unapanda ndege, jioni unakula kwa shemeji yako Kinshasa. Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Kavumu kisha hapa mjini, njia hiyo ilifungwa. Mtu wa Bukavu anayetaka kufika katika mji mkuu wa nchi yake inabidi kwanza atoke katika nchi hiyo. Motari mpaka Ruzizi ya Kwanza. Mpaka unauvuka kwa miguu, mtoto mgongoni, mzigo kichwani. Ng'ambo unatafuta gari la Kamembe, toka hapo basi la Kigali, linalopita msitu wa Nyungwe kwa kona zisizoisha na watoto wakitapika. Kigali kwenyewe hupati ndege ya kwenda moja kwa moja, maana mwezi ule ule wa Februari Kongo ilifunga anga lake kwa ndege za Rwanda. Unapelekwa Addis-Abeba ao Nairobi, unashuka, unangoja, unapanda nyingine. Wengine wanazunguka kwa basi mpaka Kampala na kuruka kutoka Entebbe.

Hesabu tiketi hapo. Motari, gari, basi, ndege. Kila moja ina mwenyewe, na kila mwenyewe anakujua mpaka pale unaposhuka kwake tu.

Mwaka huo nilizungumza na mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Kalehe na wanawe watatu. Bwana yake yuko Kinshasa. Familia ilichanga, kaka akatuma kwa simu, shangazi akauza mbuzi, maana benki zilikuwa zimefungwa na hakuna aliyeweza kukopa. Ndege yake ilikuwa ya saa tisa alasiri. Basi lilipaswa kumfikisha Kigali kabla ya saa sita mchana. Liliharibika njiani, wakakaa kando ya barabara mpaka lilipokuja lingine. Alipofika uwanja wa ndege, dirisha lilikuwa limefungwa. Watu wa ndege wakamwambia: mama, umechelewa, sheria ni hiyo. Akapigia simu ajansi ya basi. Wakamwambia: mama, sisi tulikuuzia tiketi ya Kigali, na Kigali umefika.

Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo kuna shida. Hakuna aliyemwibia mama huyu. Pesa ya mbuzi ilipotelea katikati ya tiketi mbili, mahali ambapo si pa mtu.

Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya tiketi moja. Ndugu zetu walio Ubelgiji na Ujerumani wanaijua. Mtu ananunua safari nzima kwa mara moja: treni, kisha ndege, mara nyingine na basi. Kwenye gare ya Bruxelles-Midi, Air France imekuwa ikiuza safari inayoanza kwa treni mpaka uwanja wa ndege wa Paris na kuendelea kwa ndege, na gare hiyo imepewa herufi tatu, ZYR, kama vile ni uwanja wa ndege. Lufthansa nayo imekuwa na basi kati ya mji wa Strasbourg na uwanja wa ndege wa Frankfurt, na basi hilo lina namba ya ndege. Mimi niliposikia mara ya kwanza nilicheka: basi lenye namba ya ndege! Lakini faida yake si mchezo. Basi likichelewa, aliyekuuzia hawezi kukwambia basi si langu. Atatafuta kiti katika ndege inayofuata, maana kwenye karatasi yake safari yako bado haijaisha.

Kwetu hapa hakuna anayeuza kitu kama hicho kutoka Bukavu mpaka Kinshasa. Lakini sehemu moja ya safari inaweza kushikwa kwa tiketi moja, na familia nyingi hazijui. Ni ile ya ndege mbili. Kuna wauzaji wanaokuuzia ndege ya kwanza peke yake na ya pili peke yake, juu bei inapungua kidogo. Dirishani uliza hivi: ndege zote mbili ziko kwenye namba moja? Namba hiyo ina herufi na tarakimu sita. Kama ni namba moja na ndege ya kwanza ikachelewa, kampuni ndiyo itahangaika kukupakia nyingine. Kama ni namba mbili za watu wawili tofauti, utahangaika wewe, katika nchi usiyomjua mtu. Pia tazama karatasi wanayobandika kwenye mzigo. Ikiandikwa FIH, mzigo unakwenda mpaka Kinshasa. Ikiandikwa jina la uwanja wa katikati, utatakiwa kuuchukua huko na kuupeleka tena, na pengine kulipa kilo mara ya pili. Kwa basi, nasema bila kuona haya: ongeza pesa ya kulala usiku mmoja Kigali. Ni bei ya kitanda dhidi ya bei ya ndege. Na kila mtoto awe na kadi yake ya njano, hata mchanga wa mwaka mmoja, asije akazuiliwa yeye na ninyi nyote mkabaki.

Nikisema haya kuna wazee wanaoniambia: mwanangu, hayo ni ya Ulaya. Hapana. Safari za namna hiyo zilipita hapa hapa, wakati baba zetu hawajazaliwa.

Kampuni ya reli iliyoitwa CFL ilianzishwa mwaka 1902, na ilikuwa na treni na meli pia. Kisangani mpaka Ubundu ulipanda treni, juu maporomoko yanazuia meli. Ubundu mpaka Kindu, meli. Kindu mpaka Kongolo, treni tena. Kutoka Kabalo reli ilifika Kalemie mwaka 1915, na pale ziwani kulikuwa na meli za kuvuka mpaka Kigoma, ambako reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kufika. Maporomoko yalikuwa mengi, lakini msafiri alikuwa mkononi mwa kampuni ile ile.

Upande wa Uganda ilikuwa hivyo hivyo. Shirika la reli la Kenya na Uganda lilikupeleka kwa treni mpaka Namasagali, kwa meli juu ya ziwa Kyoga mpaka Masindi Port, kwa gari lake mpaka Butiaba, kisha kwa meli nyingine juu ya ziwa Albert, iliyogusa mpaka bandari zetu za Kasenyi na Mahagi. Hata ndege zilianza zikishikana na reli. Mwaka 1932 Imperial Airways ilipoanza kuchukua abiria kutoka London mpaka Afrika Kusini, wakipitia Kisumu na Nairobi, abiria walirushwa mpaka Paris, wakapandishwa treni mpaka Brindisi kule Italia, wakavuka bahari kwa ndege inayotua juu ya maji, wakapanda treni tena kutoka Alexandria mpaka Cairo, ndipo wakaendelea kusini kwa ndege.

Sisemi ilikuwa nzuri. Reli zile zililazwa kwa jasho la kulazimishwa, zikabeba shaba na pamba kuliko watu, na babu yangu asingekaa kwenye kiti cha Mzungu. Ninachotazama ni namna kazi ilivyopangwa. Treni ilijua meli inaondoka saa ngapi. Na fedha waligawana wao kwa wao nyuma ya dirisha, abiria hakuhusika.

Vipande vya kazi hiyo tunavyo bado. Ajansi za mabasi ya kwenda Kampala na Nairobi zinauza tiketi moja, na ukibadilishwa gari njiani hulipi tena. Mtu wa ajansi ya basi na mtu wa ajansi ya ndege wakikubaliana, wanaweza kumuuzia mama safari moja yenye jina lake toka Kamembe, na mmoja wao akabeba mzigo wa kuchelewa. Bei itapanda, sidanganyi. Nimewauliza wawili hapa mjini. Mmoja alisema barabara haina uhakika, hawezi kuahidi saa. Ana haki, kwa vizuizi hivi vyote. Wa pili alisema: tukianza kuandika majina, watu wa kodi wataanza kutuhesabia abiria. Hilo silikubali.

Silikubali juu ya tarehe 3 Oktoba 2024. Boti MV Merdi ilitoka Minova, kwa sababu vita vilikuwa vimekata barabara ya Goma, ikapinduka karibu na bandari ya Kituku, watu wakitazama toka pwani. Siku nyingi zilipita tukibishana ndani walikuwa wangapi. Sisi wa redio tulipokea simu za familia zinazouliza kama jina la mtu wao liko, na hatukuwa na orodha ya kuaminika ya kutazama. Tiketi yenye jina, inayoshikwa na mtu mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, ingekuwa orodha hiyo.

Kuna jambo moja ninalolitafuta, na wasomaji wanisaidie. Uvira tulikuwa na reli. Ilipanda bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, ikaishia chini ya milima, na kutoka hapo watu na mizigo walipandishwa kwa gari mpaka Bukavu. Ilifungwa kabla ya uhuru. Kama kuna mzee kwenu aliyeipanda akiwa mtoto, hata kama sasa mko kambini ao ng'ambo ya mpaka, mwulizeni kitu kimoja tu: pale Kamanyola, akishuka kwenye treni na kuingia katika gari, alilipa tena ao alionyesha karatasi ile ile? Rekodini sauti yake kwenye simu, mnitumie. Nitaipitisha Jumamosi.